Neno la Kitaliani Hukatwa Wapi? Somo la Silabi kwa Wasemaji wa Kiswahili

Mpiga chapa anapofika mwisho wa mstari akaona neno halitoshei, hana budi kulikata kwa kistari na kulimalizia katika mstari unaofuata. Akilikata neno mwanafunzi akaandika mwanaf-unzi, kila msomaji wa Kiswahili atashtuka, hata yule ambaye hajapata kufundishwa sarufi. Akiandika mwana-funzi au mwanafu-nzi, macho ya msomaji yatapita bila kujikwaa. Mshtuko huo mdogo ni jambo la kufikiriwa. Unaonyesha kwamba katika akili ya kila msemaji kuna ujuzi wa vipande vya matamshi viitwavyo silabi, na kwamba ujuzi huo ulikuwamo kabla mwalimu hajaingia darasani.

Ujuzi huo hutofautiana kutoka lugha moja hadi nyingine. Makala haya yanachunguza lugha moja ya Ulaya, Kitaliani, ambayo kwa sikio la Mswahili husikika kama jirani. Maneno yake mengi huishia kwa irabu. Herufi zake husomeka karibu kama zilivyoandikwa. Na mkazo wake mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo, ujirani huo unaficha tofauti ambazo, zisipotambuliwa, humpotosha mwanafunzi.

Silabi ni nini?

Silabi ni kipande cha neno kinachotamkwa kwa mkupuo mmoja wa sauti. Kiini chake kwa kawaida ni irabu. Konsonanti zinaweza kuitangulia irabu hiyo au kuifuata. Silabi inayoishia kwa irabu huitwa silabi wazi. Inayoishia kwa konsonanti huitwa silabi funge. Washairi wa Kiswahili waliufahamu mpango huu tangu zamani, wakauita mizani, wakautumia kupimia mishororo.

Silabi za Kiswahili cha asili ni wazi: ba-ba, ki-ta-bu, nyu-mba. Kuna namna moja ya pekee, nayo ni pale ambapo m au n husimama peke yake kama silabi kamili, kwa mfano m-tu na n-ne. Silabi funge huonekana zaidi katika maneno ya kukopwa, kama vile daf-ta-ri, lab-da na mak-ta-ba.

Kitaliani nacho hupenda silabi wazi. Casa, nyumba, ni ca-sa. Amore, upendo, ni a-mo-re. Tavolo, meza, ni ta-vo-lo. Lakini silabi funge si wageni katika lugha hiyo. Zimo katika maneno ya kila siku: can-to, wimbo; par-te, sehemu; not-te, usiku. Jambo la kuangaliwa ni konsonanti zipi zinaruhusiwa kuifunga silabi, na kwa masharti gani.

Kanuni za kugawanya

Kanuni za msingi ni chache, na mwanafunzi anaweza kuzishika kwa muda mfupi.

Kwanza, konsonanti moja iliyo baina ya irabu mbili huandamana na irabu inayofuata. Ndiyo maana ca-sa haiwi cas-a.

Pili, konsonanti mbili zilizo sawa hutenganishwa: pal-la, mpira, gat-to, paka, son-no, usingizi. Kundi cq huhesabiwa pamoja na hizo, kama katika ac-qua, maji.

Tatu, l, m, n na r zinapofuatwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma na kuifunga silabi iliyotangulia: al-to, -refu; cam-po, shamba; por-ta, mlango.

Nne, kipasuo kama p, b, t, d, c au g, na vilevile f, kinapofuatwa na l au r, hakitengani na mwenzake. Capra, mbuzi, ni ca-pra. Libro, kitabu, ni li-bro.

Tano, herufi mbili zinazowakilisha sauti moja hazikatwi. Gn husikika karibu na ny yetu, na sc mbele ya e au i husikika kama sh. Kwa hiyo bagno, bafu, huandikwa ba-gno, na pesce, samaki, huandikwa pe-sce.

Irabu zinazofuatana zina kanuni zake. I au u isiyo na mkazo, ikikaribiana na irabu nyingine, huungana nayo katika silabi moja: pia-no, fio-re, cau-sa. Irabu nyingine hutengana: po-e-ta, mshairi, pa-e-se, nchi. Tofauti baina ya causa, sababu, na paura, hofu, yafaa iangaliwe kwa makini. Maneno yote mawili yana au, lakini la kwanza lina silabi mbili, na la pili lina tatu, pa-u-ra, kwa sababu u yake ndiyo inayobeba mkazo.

Konsonanti pacha

Hapa ndipo Mswahili anapojikwaa. Konsonanti mbili zilizo sawa haziandikwi katika Kitaliani kwa ajili ya pambo. Hutamkwa kweli. Ulimi au midomo hufunga njia ya hewa, hungoja kidogo, kisha huachilia. Urefu wa sauti hiyo hukaribia mara mbili ya konsonanti ya kawaida, nayo irabu yenye mkazo iliyoitangulia hufupishwa. Katika pala, sepetu, irabu ya kwanza ni ndefu na l ni fupi. Katika palla, mpira, irabu ni fupi na l ni ndefu.

Tofauti hiyo hubadilisha maana. Sete ni kiu, sette ni saba. Nono ni wa tisa, nonno ni babu. Capello ni unywele mmoja, cappello ni kofia. Pena ni adhabu, penna ni kalamu. Caro ni ghali, carro ni mkokoteni. Tena kuna anno, mwaka, neno linalohitajika kila mtu anapoulizwa umri wake. Likipungukiwa na n moja, hugeuka kuwa jina la sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wakwe.

Si jambo la kinadharia tu. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Wataliani walijenga jukwaa la baharini la San Marco, ambalo kutoka kwake setilaiti ilirushwa mwaka 1967. Baadaye watalii kutoka Italia walifika Malindi kwa wingi, na vijana wengi wa mji huo wamejifunza Kitaliani kwa sikio, sokoni na ufukweni. Ajifunzaye kwa sikio huzichukua irabu upesi, kwa kuwa zinafanana na zake. Konsonanti pacha humponyoka, kwa sababu lugha yake haikumzoesha kuzisikiliza. Katika mmea au nne, herufi mbili zinazofanana hazifanyi kazi hiyo, kwani ya kwanza ni silabi inayojitegemea.

Wala tatizo hili si la wageni peke yao. Katika lahaja za kaskazini ya Italia, kama ile ya Veneto, konsonanti pacha zilipotea zamani: gallina, kuku, huitwa galina. Mtoto wa huko aliyekulia katika lahaja alifika shuleni akaambiwa aandike herufi mbili mahali ambapo sikio lake lilisikia moja. Matokeo yake ni makosa ya aina mbili: kuacha pacha panapohitajika, na kuzitia pasipohitajika kwa kuogopa kukosea. Mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha mwaka 1963, alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokuwa wakijua kuzungumza Kitaliani walikuwa kiasi cha asilimia 2.5 tu ya wananchi. Waliobaki walizungumza lahaja zao. Kwa watoto wengi, basi, lugha ya taifa ilikuwa lugha ya shule, na konsonanti pacha ilikuwa mojawapo ya milango ya kuingilia.

Kesi ya neno pasta

Kanuni tano zilizotajwa zinaacha swali moja. S inapofuatwa na konsonanti nyingine, kama katika pasta, festa au disco, mpaka wa silabi uko wapi? Desturi ya maandishi hujibu bila kusita: pa-sta, fe-sta, di-sco. Ndivyo watoto wanavyofundishwa, na ndivyo inavyoagiza kanuni ya UNI 6461 ya mwaka 1969, iliyotolewa na shirika la viwango la Italia kuhusu kukata maneno mwishoni mwa mstari. Wataalamu wengi wa fonolojia, hata hivyo, hushikilia kwamba ulimi wa Mtaliani husema pas-ta. Yafaa kuwasikiliza mashahidi wao watatu.

Shahidi wa kwanza ni urefu wa irabu. Katika Kitaliani, irabu yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho hurefushwa ikiwa silabi yake ni wazi, na hubaki fupi ikiwa ni funge. A ya kwanza ya casa ni ndefu, na ya capra ni ndefu pia. A ya canto ni fupi. Sasa a ya pasta ni ya namna gani? Ni fupi, kama ya canto. Kwa hiyo silabi yake inaenenda kama silabi funge, na kinachoifunga hakiwezi kuwa kingine ila s.

Shahidi wa pili ni kibainishi kinachotangulia nomino. Nomino nyingi za kiume hutanguliwa na il: il libro, il cane, il treno. Treno ina konsonanti mbili mwanzoni, na bado hutumia il, kwa kuwa t na r hukaa pamoja kwa amani. Lakini studente hutumia lo: lo studente. Vivyo hivyo lo specchio, kioo. Lo huishia kwa irabu, nayo huipa s mahali pa kuegemea, kana kwamba mtu anatamka los-tu-den-te. Zio, mjomba, na sciopero, mgomo, hutumia lo pia. Sauti zinazoanzisha maneno hayo, zikiwa kati ya irabu, hutamkwa kwa urefu kama pacha katika matamshi sanifu.

Shahidi wa tatu ni wa kihistoria. Zamani, neno linaloishia kwa konsonanti lilipotangulia s ya namna hiyo, Wataliani walichomeka i katikati. Mabaki ya desturi hiyo yamo katika usemi per iscritto, yaani kwa maandishi, ingawa neno lenyewe ni scritto. I hiyo ilikuja kuipatia s kiini cha kuandamana nacho.

Je, maandishi yana makosa? La. Kanuni ya mpiga chapa na kanuni ya ulimi zina kazi mbili tofauti. Ya kwanza yahitaji wepesi na usawa ili watu wote wakate maneno kwa namna moja. Ya pili inaeleza kile ambacho mwili na akili hufanya. Mwanafunzi wa sayansi hujifunza hapa jambo kubwa kuliko silabi yenyewe: asiichukue alama ya karatasini kuwa ndiyo kitu chenyewe, bali atafute ushahidi.

Silabi hizi zilitoka wapi?

Kitaliani ni mtoto wa Kilatini, na Kilatini kilikuwa na silabi nzito zaidi. Katika safari ya karne nyingi, konsonanti za mwishoni zilidondoka, na zile za katikati zilizotofautiana zikalinganishwa. Kutoka octo kukapatikana otto, nane. Kutoka septem, sette. Kutoka noctem, notte. Kutoka lactem, latte, maziwa. Konsonanti ya kwanza haikutoweka. Iliigeukia jirani yake ikafanana naye. Konsonanti pacha nyingi za Kitaliani ni makaburi ya konsonanti za Kilatini.

Mwelekeo huo huonekana pia katika maneno ambayo Kitaliani na Kiswahili viliyapokea kutoka chanzo kimoja. Kiarabu kilikuwa na sukkar. Kiswahili kikaacha k moja, kikaongeza irabu mwishoni, kikapata sukari. Kitaliani kikaihifadhi k pacha, kikaongeza irabu pia, kikapata zucchero. Kiarabu kilikuwa na sifr, neno la silabi moja lenye konsonanti mbili mwishoni. Kiswahili kililifungua kwa irabu mbili: si-fu-ri. Huko Italia, Leonardo wa Pisa, ajulikanaye kama Fibonacci, aliliandika kwa Kilatini zephirum katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202, na kutokana na umbo hilo likatokea zero. Mwanafunzi anayeandika sifuri ubaoni Dodoma na yule anayeandika zero kule Pisa wanatumia mali iliyotoka ghala moja, kila mmoja akiwa ameikata kwa kipimo cha nyumbani kwake.

Silabi si mofimu

Wanafunzi wengi huchanganya vipande vya matamshi na vipande vya maana. Kipande kidogo cha neno chenye maana au kazi ya kisarufi huitwa mofimu. Katika gatto, silabi ni gat-to, lakini mofimu ni gatt-o: mzizi gatt hutaja paka, na o huonyesha kuwa ni dume mmoja. Kwa kubadili irabu ya mwisho hupatikana gatta, gatti na gatte, yaani paka jike, paka wengi, na paka wengi majike. Mpaka wa maana umepita mahali pengine kabisa na ule wa matamshi.

Kiswahili kina mifano yake. Meno ina silabi mbili, me-no, lakini mofimu zake ni ma na ino. Mpaka umemezwa ndani ya irabu e. Walimu ni wa-li-mu kwa ulimi, bali kwa sarufi ni wa na alimu.

Tofauti kubwa ya lugha hizi mbili ni upande ambao kazi hufanyika. Kiswahili hushughulikia zaidi mwanzo wa nomino: kitabu, vitabu, jitabu. Kitaliani hushughulikia mwisho: libro huzaa libretto, kitabu kidogo, librone, kitabu kikubwa, na libraccio, kitabu kibovu. Hata kitenzi hufuata njia hiyo. Kiswahili husema nipe, mtendwa akitangulia. Kitaliani husema dammi, mtendwa akifuata nyuma. Na katika dammi, ambayo ni muungano wa da na mi, konsonanti pacha yenyewe imezaliwa pale vipande vya maana vilipokutana.

Mkazo na mizani

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa hutofautishwa kwa mkazo tu. Katika Kitaliani kutofautisha kwa namna hiyo ni jambo la kawaida. Ancora ikikazwa mwanzoni ni nanga; ikikazwa katikati ni bado au tena. Capito ikikazwa ca ni natokea. Ikikazwa pi ni iliyoeleweka. Na capitò, yenye alama mwishoni, ni ilitokea. Alama huandikwa kwa lazima pale mkazo unapoangukia irabu ya mwisho wa neno lenye silabi zaidi ya moja, kama città, mji.

Hali hii iliwalazimisha washairi wa Italia kuhesabu kwa njia yao. Mshororo wao mashuhuri huitwa endecasillabo, maana yake wa silabi kumi na moja. Dante Alighieri aliutumia katika mishororo yote 14,233 ya utenzi wake mkuu. Lakini kinachotawala ni mkazo wa mwisho, ambao sharti uangukie silabi ya kumi. Neno la mwisho likikazwa silabi ya pili kutoka mwisho, silabi huwa kumi na moja. Likikazwa mwishoni, huwa kumi. Likikazwa ya tatu kutoka mwisho, huwa kumi na mbili. Na mshororo huitwa kwa jina lilelile. Aidha, irabu ya mwisho wa neno na ile ya mwanzo wa neno linalofuata mara nyingi huhesabiwa kama silabi moja. Malenga wa Kiswahili, ambaye mkazo wake karibu daima uko mahali pamoja, anaweza kuhesabu mizani zote bila kuhangaika na jambo hilo.

Faida kwa msomaji mdogo

Je, kuna haja gani ya kujua haya yote? Jibu linapatikana katika darasa la kwanza. Mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wanaojifunza kusoma katika mifumo 13 ya maandishi ya Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Italia walisoma kwa usahihi kiasi cha asilimia 95 ya maneno waliyoyazoea. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakijifunza kusoma Kiingereza, walisoma kiasi cha asilimia 34. Watafiti hao walihusisha tofauti hiyo na mambo mawili: uaminifu wa herufi kwa sauti, na wepesi wa muundo wa silabi.

Mtoto wa Italia anapokutana na tavolo hukata ta, vo, lo, akaunganisha, akapata meza. Mtoto wa Kiswahili anaposoma me-za hufanya kazi ileile. Lugha hizi mbili zimewapa watoto wake ngazi ambayo vidato vyake vimekaribiana. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kusikia silabi kabla ya kuziandika haongezi somo jipya. Anaamsha ujuzi ambao tayari wanao.

Walimu wanaweza kufanya jaribio moja dogo darasani. Mwanafunzi asome kwa sauti ca-sa na cas-sa, pa-la na pal-la, huku mwenzake akipiga kofi kwa kila silabi. Makofi yatakuwa mawili katika kila neno, kwa hiyo hesabu ya silabi haitatosha kuyatofautisha. Kisha kiganja kiwekwe mbele ya midomo, na atamke ca-po, kiongozi, na cap-pa, herufi ya k. Katika neno la pili ataona kwamba pumzi husita kabla ya kutoka. Kusita huko ndiko kunakotenganisha kiu na saba, adhabu na kalamu, unywele na kofia. Na atakayejizoeza kukusikia atakuwa amejifunza kulisikiliza neno, si kulitazama tu.